Chiriku, Mhamishaji wa Ndege

Kila jioni, shangazi alipofungua mlango tu na kabla hajavua viatu, maswali yalianza. Msichana wa darasa la sita, ambaye wakati huo alipaswa kuwa anaosha vyombo au anapiga pasi sare yake ya kesho, aliacha kila kitu akamfuata nyuma nyuma kutoka sebuleni hadi jikoni. Alimwamkia, akapokea marahaba yake, kisha mdomo ukafunguka kama bomba la maji. Leo ni ndege gani? Ina injini ngapi? Imekubali kuhama au imegoma tena? Mama yake, muuguzi aliyezoea kurudi kazini miguu ikimwaka moto, alisema mtoto huyu alizaliwa akiongea, akakumbuka kulia baadaye. Ndiyo maana nyumba nzima, na hatimaye shule nzima, ilimwita Chiriku.

Shangazi hakuchoshwa na maswali hayo, kwa kuwa aliipenda kazi yake. Alikuwa mhandisi katika ofisi ya wabunifu wa ndege. Ndege zenyewe zilikuwa bado hazijatengenezwa; zilikuwa mawazo tu yaliyochorwa ndani ya kompyuta. Mbunifu mmoja alikuwa na programu ya kuchora umbo la nje. Mwingine alikuwa na programu ya kupima jinsi upepo unavyopita juu ya bawa. Mwingine tena alikuwa na programu ya kukokotoa uzito. Shida ni kwamba programu hizo hazikuelewana. Ndege iliyokuwa nzima katika programu moja iliweza kufika katika nyingine ikiwa na tundu mgongoni, au mkia umepinda, au imepungukiwa kitu. Kazi ya shangazi ilikuwa kuihamisha ndege kutoka programu hadi programu na kuhakikisha imefika kama ilivyoondoka.

"Ni kama kuhama nyumba," alimweleza Chiriku siku moja akimenya vitunguu. "Unapakia vyote, unafika, unashusha, unafurahi. Halafu unataka kulala, unagundua miguu ya kitanda imebaki kule kule."

Chiriku alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku hiyo alijua akiwa mkubwa atafanya kazi gani.

Hakuhitaji kungoja awe mkubwa. Mwaka huo mwalimu wa sayansi alianzisha klabu ya ndege shuleni, na baada ya kusikia kwa Chiriku habari za shangazi, asubuhi, mchana na jioni, mwishowe akamwalika afike awafundishe. Shangazi alikuja na flashi yenye programu za mafunzo, akaziweka katika kompyuta kuukuu za chumba cha kompyuta, kile chumba ambacho wanafunzi walivua viatu mlangoni na feni yake ya darini ilizunguka ikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Klabu ilipewa lengo moja. Siku ya wazazi, mbele ya wageni wote, warushe ndege ndogo ya mota na betri waliyoibuni wenyewe tangu mstari wa kwanza.

Kazi ziligawanywa. Kuchora umbo alipewa Kimya, rafiki mkubwa wa Chiriku. Watu walishangaa wawili hao walivyopatana, maana Kimya aliweza kumaliza wiki bila kusema maneno ya kujaza kikombe. Lakini mkono wake ukishika kipanya, mstari ulitii. Kurusha kwa rimoti alipewa mvulana mrefu wa darasa la saba ambaye alijipa mwenyewe jina la Rubani, na kwa kuwa hakuna aliyepinga, likamganda. Naye Chiriku akapewa kazi aliyoitamani kuliko zote. Yeye ndiye aliyechukua umbo kutoka programu ya Kimya, akalihamishia programu ya kukokotoa kama ndege itaruka, na mwishowe angelihamishia programu ya tatu inayoongoza mashine ya kukatia.

Kimya alichora ndege nyeupe yenye shingo ndefu na mabawa mapana, wakaiita Korongo. Mara ya kwanza Chiriku alipoihamisha, alifungua programu ya pili akakuta skrini tupu. Alitafuta huku na huku mpaka akaona kitu kama punje ya mchele pembeni. Alipoikuza, akaiona ni Korongo, shingo na mabawa yote, lakini haizidi ukubwa wa kiganja. Kimya alikuwa amechora kwa sentimita, na programu ya pili ilisoma kila namba kama milimita. Rubani aliitazama, akauliza kwa upole kama abiria watakuwa sisimizi, na kama yeye atapewa rimoti ya saizi hiyo. Darasa zima lilicheka, mwalimu naye akageukia ubaoni asionekane.

Hapo ndipo shangazi alipowafundisha kanuni ambayo ofisini kwao hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Ndege ikihamishwa, kabla hujafanya lolote jingine, unaikagua. Unapima urefu wake na upana wa mabawa. Unahesabu vipande vyake, kimoja kimoja kwa jina. Unatazama uzito. Kisha unarudi kule ilikotoka na kulinganisha. Ikiwa chochote hakilingani, hujahamisha ndege, umehamisha kosa.

Chiriku aliishika kanuni hiyo barabara. Kila Kimya alipobadilisha kitu, naye alihamisha na kukagua, akitaja vipande kwa sauti kama anayeita majina ya darasa. Mota. Rafadha, ile feni ya mbele inayoivuta ndege. Betri. Bawa la kulia. Bawa la kushoto. Aliendelea hivyo mpaka hata waliokaa mwisho wa chumba wakajua viungo vyote vya Korongo kwa moyo.

Halafu ikaja alasiri moja ya jua zuri. Kimya alikuwa ameketi tangu kengele ya mwisho akirekebisha mabawa, akiyafanya membamba na marefu zaidi, na alipomaliza yalikuwa yamependeza kiasi kwamba mwalimu mwenyewe alivuta kiti akakaa kuyatazama. Nje, uwanjani, Rubani alikuwa na ndege ya mazoezi ya mwalimu, na kila mwanachama alipewa zamu ya kuirusha. Zamu ya Chiriku ilikaribia. Kupitia dirishani alisikia wenzake wakishangilia.

Alihamisha umbo. Likafika salama, kubwa inavyotakiwa, halina tundu, mabawa yanang'aa kwenye skrini. Akanyoosha mkono kuanza kuhesabu vipande, kisha akasikia jina lake likiitwa uwanjani. Wakati huo huo mwalimu akachungulia mlangoni na kumuuliza kama amekagua.

"Nimekagua, mwalimu," Chiriku akajibu, huku tayari anavaa viatu.

Siku hiyo aliirusha ndege ya mazoezi vizuri kuliko wote, akarudi nyumbani akiruka ruka.

Kesho yake programu ya kukokotoa ilipotoa majibu, chumba cha kompyuta kilikuwa kama sherehe. Ilisema Korongo itapaa kwa urahisi, mapema, kabla hata ya kufika katikati ya uwanja, licha ya mabawa yake membamba. Mwalimu alirudia hesabu, ikatoa jibu lile lile. Mwalimu mkuu aliitwa aje aone. Rubani alianza kutembea mikono nyuma kama mtu anayengojwa na waandishi wa habari. Na Kimya alicheka kwa sauti, jambo ambalo wengine hawakuwahi kulisikia, wakageuka kumtazama, akacheka zaidi.

Ilibaki kukata. Shangazi alikuwa ameiomba ofisi yake bonge la sponji ngumu nyeupe, ile inayofungashiwa televisheni mpya, lililokuwa limebaki katika kazi nyingine. Lilikuwa moja tu. Fundi wa karakana ya pale ofisini alikubali kuwakatia Jumamosi asubuhi, kabla ya saa sita, kwa sababu kuanzia mchana huo mashine yake ilikuwa na kazi za ofisi mpaka baada ya siku ya wazazi kupita.

Ijumaa jioni shangazi alirudi amechoka lakini anacheka peke yake. Alipoketi mezani aliwasimulia kisa cha kazini. Mwenzao mmoja alikuwa amehamisha ndege kutoka programu ya umbo kwenda programu ya uzito, na ndege ikatoka nyepesi ajabu. Watu wakampigia makofi, mkubwa wao akampa mkono. Baadaye kidogo ikagunduliwa kwamba aliyechora alikuwa ameficha tangi la mafuta ili aone vizuri sehemu ya ndani, na programu inapohamisha huchukua vile tu vinavyoonekana. Ndege ilikuwa nyepesi kwa sababu haikuwa na tone la mafuta.

"Wakadai warudishiwe makofi yao," shangazi akamaliza, na mama akacheka mpaka akafuta machozi.

Chiriku hakucheka. Hakuuliza tangi lilikuwa kubwa kiasi gani, wala aliyekosea alisema nini. Alitazama sahani yake. Ukimya huo ulikuwa mgeni mno katika nyumba ile hata mama akanyoosha mkono kumpima joto la paji la uso, akamuuliza kichwa kinauma. Chiriku akasema hapana, ana usingizi tu.

Alikuwa anakumbuka jambo. Siku ile Kimya alipokuwa akichora mabawa, tumbo la Korongo lilionekana wazi kwenye skrini, tupu kabisa. Alikuwa ameona na hakuona. Je, betri ilikuwa imefichwa? Na kama ilifichwa, ilirudishwa kabla ya kuhamishwa? Alijiambia kwamba bila shaka ilirudishwa. Kimya ni mwangalifu. Akajiambia pia kwamba mwalimu amerudia hesabu. Lakini mwalimu alirudia kwa kutumia kile kile alichomletea yeye. Kila alipojituliza, moyo ulipata upenyo mwingine wa kumchoma.

Asubuhi walikutana karakana. Kilikuwa chumba kikubwa chenye dari ya juu na harufu ya gundi, ukutani pametundikwa vipande vya mabawa ya majaribio kama samaki waliokaushwa. Mashine ilikuwa meza pana yenye waya mwembamba uliovutwa kutoka upande hadi upande. Ukipata moto unapita katika sponji kama kisu katika siagi. Fundi, mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliliweka lile bonge mezani na kulipigapiga kama anayebembeleza ng'ombe. Rubani alilisogelea, akaambiwa arudi nyuma. Mwalimu alikuwa amevaa shati lake la heshima. Kimya alisimama karibu na Chiriku, akamshika mkono kwa furaha.

Shangazi akaketi kwenye kompyuta ya mashine, akafungua faili la Korongo, kisha akampisha Chiriku kiti. Alitaka yeye ndiye aihamishie programu ya tatu, kwa kuwa ndiye aliyeihamisha tangu mwanzo. Chiriku akaketi. Majina ya vipande yalikuwa upande wa kushoto wa skrini, na sasa alisoma yote. Mota. Rafadha. Bawa la kulia. Bawa la kushoto. Mkia. Akarudia kutoka juu. Betri haikuwamo.

Fundi alikuwa amevaa glavu tayari. Akauliza kama awashe waya.

Chiriku aliona njia mbili kwa wakati mmoja. Angeweza kusema kwamba ndiyo kwanza ameona, kwamba programu imekosea; nani angejua? Au angeweza kunyamaza, na huenda Korongo ingeruka hivyo hivyo. Alitazama lile bonge moja. Akamtazama Kimya, ambaye bado alikuwa anatabasamu.

"Naomba usiwashe," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia ipate kusikika. "Mwalimu, betri haimo. Siku ile uliponiuliza, nilikwambia nimekagua. Sikukagua. Nilikuwa nawahi zamu yangu uwanjani."

Fundi alivua glavu moja, polepole. Mwalimu alisogea kwenye skrini, akayasoma majina ya vipande mwenyewe. Kisha Kimya akasema, kwa sauti yake ya chini, kwamba kosa ni lake, kwani ndiye aliyeificha betri na kusahau kuirudisha. Mwalimu akatikisa kichwa. Akamwambia Kimya kwamba kuficha kipande ili kuona ndani ni jambo la kawaida kwa mchoraji, na kwa sababu hiyo hasa akawekwa mwenzake wa kukagua.

Shangazi alivuta kiti kingine, akairudisha betri mahali pake, akaomba hesabu zifanywe upya. Walingoja wote wakiikodolea macho skrini. Betri ilikaa chini ya bawa, katikati kabisa panapobeba mizani ya ndege, na ndiyo maana kukosekana kwake hakukuiyumbisha Korongo upande wowote wala kumshtua mtu. Lakini ilikuwa nzito kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Majibu yalipotoka, mwalimu aliyasoma mara mbili. Kwa mabawa yale membamba, Korongo ingekimbia kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine kama kuku anayefukuzwa, wala isingeinuka.

Rubani akaketi sakafuni. Akasema kwa masikitiko kwamba yeye ndiye angekuwa ameshika rimoti mbele ya baba yake, mama yake na mashangazi zake wote.

Chiriku aligeuka kumtazama rafiki yake. Mabawa yale mazuri ndiyo yaliyomfanya acheke kwa sauti, na sasa yalikuwa hayafai. Akaanza kumwomba msamaha, lakini Kimya hakungoja amalize.

"Ningeumia zaidi kuiona inashindwa kuruka watu wakitazama," Kimya akasema. Kisha akasogeza kiti, akashika kipanya. "Tuna muda mpaka saa sita. Niambie mabawa yawe mapana kiasi gani."

Basi wakaingia kazini. Mwalimu alivua lile shati la heshima, akabaki na fulana, akakunja karatasi za hesabu akazitia mfukoni. Kimya alichora mabawa mapana zaidi. Chiriku akayahamisha, na kabla hajagusa kingine akaanza kutaja vipande kwa sauti, kimoja kimoja, karakana nzima ikimsikia. Mota ipo. Rafadha ipo. Betri ipo. Kila alipotaja betri, fundi aliitikia kutoka mezani kwake kwamba ameisikia, na baada ya muda wote wakawa wanaitikia, hata mwanamke aliyekuwa akipaka gundi kona ya mbali ambaye hakujua habari yenyewe ni nini. Uzito huku, uzito kule, vinalingana. Ndipo hesabu ikaendeshwa.

Haikutosha. Kimya akapanua tena. Safari hii programu ikakubali, lakini mkia ukawa mdogo kwa mabawa hayo, ukabidi ukuzwe. Mkia ulipohamishwa ulifika umejikunja kama sikio la mbwa, shangazi akawaonyesha jinsi ya kuuhamisha peke yake na kuuunganisha upya. Chiriku akahesabu tena tangu mwanzo. Rubani alimsihi aruke vile ambavyo havikuguswa, ili kuokoa muda. Akakataa. Rubani akamtazama shangazi kutafuta msaada, akakuta shangazi anatabasamu dirishani.

Hatimaye majibu yakaja mazuri. Korongo ingepaa ikifika katikati ya uwanja, bila haraka na bila mashaka. Wakashangilia kidogo, kisha fundi akaja na futi yake, akapima bonge, akakuna kidevu. Mabawa mapya yalikuwa makubwa mno. Upande mmoja ungetokeza nje ya sponji.

Walilizunguka lile bonge kama watu wanaotafuta pa kuliingiza kabati mlangoni. Mwalimu alipendekeza wafupishe mabawa, Chiriku akasema basi hesabu zote zianze upya, na saa ilikuwa inakimbia. Kimya alikuwa akilipima bonge kwa macho. Alichukua vipande viwili vya karatasi, akavikata mfano wa mabawa, akaviweka juu ya sponji, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Tukiyalaza mshazari," akasema, "yanaenea."

Yakaenea. Yaliingia kona kwa kona, nafasi iliyobaki haizidi unene wa kidole, na fundi akasema amekata sponji miaka mingi lakini hajawahi kuona bonge likitumika hivyo. Akawasha waya. Ulipita ukitoa mvuke mwembamba, na bawa la kwanza likajitenga kutoka kwenye bonge, laini, limepinda kwa uzuri juu na kunyooka chini. Kimya alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa pana kuliko alivyolitaka, lakini alipolipitisha shavuni alitabasamu vile vile. Chiriku aliliomba, akaliweka juu ya mizani, akasoma, akalinganisha na skrini. Vililingana. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Siku ya wazazi uwanja ulijaa viti vya kuazima, na upepo ulikuwa mdogo. Mama alifika akiwa bado na sare ya hospitali, akaketi karibu na shangazi. Kwaya iliimba, tuzo zikatolewa, mwalimu mkuu akazungumza kwa muda ambao Chiriku aliuona kama muhula mzima. Ndipo klabu ya ndege ikaitwa.

Kimya aliiweka Korongo chini, akainyoosha pua, akarudi nyuma. Rubani alishika rimoti. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuwa na la kusema. Rafadha ikaanza kuzunguka, ikawa duara la kijivu. Korongo ikatembea, ikakimbia, nyasi zikalala nyuma yake. Ilifika katikati ya uwanja ikiwa bado chini, na Chiriku akasahau kupumua. Halafu magurudumu yakaachana na nyasi, kwanza moja, kisha jingine, na ndege nyeupe ikapanda juu ya vichwa vya watu, juu ya paa la madarasa, mabawa yake mapana yamejaa jua.

Watoto wadogo waliinuka wote kwa pamoja wakaifuata mbio chini yake. Hakuna mwalimu aliyewazuia, kwa kuwa walimu nao walikuwa wanatazama juu. Rubani aliizungusha mara moja, akaizungusha tena, ulimi wake ukirudi taratibu, na mzunguko uliofuata alikuwa tayari anawaeleza waliomzunguka kwamba jambo hili linahitaji utulivu. Mama alimshika shangazi begani, akawa anamtikisa bila kujua. Kimya alikuwa analia na kucheka.

Kutua hakukuwa kwa heshima sana. Korongo ilikuja chini vizuri, ikagusa nyasi, ikaendelea kutembea kama inayotafuta mtu, ikaingia chini ya meza ya wageni na kutokea upande wa pili na kitambaa cha meza mgongoni. Mgeni wa heshima ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi. Walipoikagua, haikuwa imeumia hata mkwaruzo.

Wageni walipoanza kuondoka, mwalimu aliwaita wanaklabu wakaketi kwenye nyasi, pamoja na shangazi. Aliwapongeza mmoja mmoja. Alipofika kwa Chiriku, Chiriku akainamisha kichwa. Akauliza, bila kumtazama, kama ndege ijayo atapewa mtu mwingine aihamishe.

Mwalimu alimgeukia shangazi, kama anayemwachia aseme kwanza. Shangazi akawaambia kwamba katika kazi yao makosa ya kuhamisha hutokea kila siku, hata kwa wahandisi wenye mvi. Vitu hupotea, hupinda, hufichwa vikasahauliwa. Hilo si la kuonea aibu, kwa kuwa ukikagua utaliona na utalirekebisha. "Lakini mtu akisema amekagua na hajakagua," akasema, "hapo hakuna tena wa kuliona kosa. Wenzake wote waliomtegemea wanaendelea kujenga juu yake. Sisi tunatengeneza vitu vinavyobeba watu. Neno 'nimekagua' kwetu ni zito kuliko injini."

Mwalimu akaichukua Korongo, akaivua uzi wa kitambaa ulionasa kwenye mkia, akampa Chiriku aishike.

"Ndege ijayo utaihamisha wewe," akamwambia. "Siku ile uliponiambia umekagua, nilikuamini kwa sababu sikuwahi kukuona ukijaribiwa. Pale karakana ungeweza kunyamaza, na usingeulizwa na mtu. Ulisema, na ilikuuma, na tukaona wote. Kwa hiyo sasa nakuamini kwa sababu nakujua."

Chiriku aliipokea ndege kwa uangalifu, akaipakata magotini. Alitaka kujibu jambo refu. Badala yake akaanza kutaja vipande, polepole, akigusa kimoja baada ya kingine kwa kidole, na alipofika kwenye betri klabu nzima ikaitikia.